Viti Nilivyoviazima

Wastaafu wenzangu, leo nimeaibika. Sikuaibishwa na mtu. Nimeaibika kwa maandishi yangu mwenyewe, yenye nukta na mikato mahali pake, na sina wa kumsingizia.

Ninayaandika haya kwenye kundi letu kabla hamjayapata kwa wengine, maana mnaujua msimamo wangu kuhusu habari za kusikia. (Nimearifiwa kwamba toleo linalozunguka sokoni lina fahali ndani yake. Hakukuwa na fahali.) Someni maelezo ya shahidi aliyekuwapo. Shahidi ni mimi. Mshtakiwa pia ni mimi.

Mtaani kwetu hapa Bariadi kuna jukwaa la mtandaoni liitwalo Kapu la Mtaa. Unalifungua kwenye simu, unaona nani ana ngazi, nani ana toroli, nani anatafuta mtu wa kumsindikiza mgonjwa hospitali. Mwenye kitu hukitoa, mwenye shida hukitumia, kisha kitu hurudi kwa mwenyewe. Ni jambo jema. Mimi nililipinga kwa miezi mitatu. Nilisema huo ni umbea uliopewa umeme.

Kisha binti yangu Minza, ambaye ni muuguzi, akaniingiza humo bila ridhaa yangu. Nikasoma kanuni zao. Hazikuwa na aya! Nikaziandika upya zote. (Hakuna aliyeniomba.) Kifungu cha pili kinasema: "Tangazo lisilo na picha ni uvumi." Kifungu cha tano: "Kitu kikishatolewa, mwenye nacho asikidai kabla ya saa kumi na mbili jioni." Na kifungu cha tisa, ambacho nilikionea fahari kuliko vyote: "Ujumbe wenye makosa ya uandishi utiliwe shaka, kwa kuwa matapeli hawajui kuakifisha."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtunga sheria wa Kapu. Sijawahi kutoa hata kijiko. Mtunga sheria ana kazi zake.

Sasa, leo tulikuwa na wageni kutoka Zagayu. Walikuja kubisha hodi kwa ajili ya Minza.

Lazima nieleze uzito wa jambo hili. Minza ni kitinda mimba wangu na ana miaka thelathini na mitatu. Posa hii ni ya tatu. Mchumba wa kwanza alitoweka nilipomtaka alete cheti halisi cha kidato cha nne, si nakala. Wa pili nilimchunguza kwa kuwapigia simu walimu wake wa zamani. Watatu niliwapata. Mwalimu wa nne alikuwa amekwisha kufariki, na mjane wake akanijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watu wenye pensheni.

Jana jioni Minza aliketi mbele yangu, akaikunja kofia yake ya kazi mapajani.

"Baba, kesho usimhoji mtu."

"Kuuliza si kuhoji."

"Baba. Huyu nampenda. Akiondoka kwa sababu yako, naomba uhamisho niende kule mbali Bukundi, na Krismasi utaila na mama."

Wenzangu, niliogopa. Mimi, mkaguzi wa shule, ambaye walimu wakuu walikuwa wakiliona vumbi la pikipiki yangu wanaanza kusahihisha madaftari ya muhula mzima! Nikaahidi kwamba sitauliza chochote. Nikaamua pia kwamba wageni hao watapokewa kwa heshima ambayo Zagayu haijawahi kuiona.

Tatizo lilikuwa viti. Tulikuwa navyo sita na meza moja. Wageni walikuwa kumi na mmoja. Mke wangu, Mama Minza, akasema kwa upole, "Si uombe kwenye Kapu? Majirani wapo." Ikaniuma. Lakini nikamkumbuka binti yangu akiwa Bukundi.

Saa moja asubuhi niliketi, nikaandika tangazo langu la kwanza. Kwa mujibu wa kifungu cha pili, nikapiga picha. Nilipiga picha sebule yetu yenyewe, ili majirani waone aina ya viti ninavyovitaka, wasije wakaniletea vile vya plastiki vyenye miguu mitatu na nusu. Nanukuu tangazo neno kwa neno:

"Majirani waheshimiwa. Ninaazima viti vya heshima pamoja na meza, kama vinavyoonekana pichani. Ni leo, kuanzia saa tatu asubuhi. Wahusika wafike nyumbani kwangu bila kuchelewa. Mke wangu atakuwapo kuwapokea. Asanteni."

Nikalisoma mara nne. Sikuona kosa. Hata sasa ninavyolisoma mara ya arobaini, bado sioni kosa, na hapo ndipo msiba ulipo.

Nikalituma. Nikatoka kwenda kwa kinyozi, kisha kwa dobi kuchukua suti.

Kwa kinyozi, simu yangu ikaanza kulia mfululizo mfukoni. Kinyozi akasimamisha mashine. "Mzee, leo umepata wachumba?" Nikamwambia afanye kazi yake. Nilipoitazama simu niliona ujumbe kama huu: "Mungu akubariki Mzee Mkaguzi!" Na mwingine: "Hatukutegemea kabisa, mzee wetu." Na mwingine: "Wabeja gete!" yaani asante sana kwelikweli.

Nikajiuliza: wananishukuru mimi, ilhali mwombaji ni mimi? Nikatafakari. Nikahitimisha kwamba majirani zangu wamestaarabika, wanashukuru kwa kupewa nafasi ya kutenda wema. (Naam, niliamini hivyo. Mimi, niliyewahi kumrudisha mwalimu mkuu darasani akahesabu madirisha mbele yangu kwa sababu sikuisadiki ripoti yake.)

Nikiwa njiani kurudi, suti begani, nikapishana na guta la magurudumu matatu limebeba viti viwili. Viti vizuri! Nikajisemea, fundi wa viti hivi ni hodari kama aliyetengeneza vyangu. Mbele kidogo nikaona cha tatu kichwani mwa mwanakwaya. Nacho kilifanana na vyangu. Nikafurahi kwamba sebule itakuwa na mpangilio mmoja.

Jambo moja tu lilinikera: vyote vilikuwa vinaelekea upande usio wa kwangu. Nikaona dereva wa guta amepotea. Nikamwonyesha njia sahihi kwa fimbo. Akanipungia mkono, akatabasamu, akaendelea na safari.

Nyumbani nilimkuta Mama Minza mlangoni anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Baba Minza," akasema, "leo umenifurahisha. Miaka yote hii naomba Mungu akuguse moyo."

"Viti vimefika?"

"Vimefika wapi?"

"Hapa."

"Hapa vimetoka! Vyote sita, na meza. Watu waligombania. Mwenyekiti wa kwaya alikuja mwenyewe, ana mafunzo ya wanakwaya. Mama wa saluni kachukua kimoja. Hajati Mwanaidi kachukua meza, ana hitima kwake leo."

Nikampita. Nikaingia sebuleni. Wenzangu, mlishawahi kuingia darasani siku ya likizo? Mwangwi wa viatu vyangu ulinijibu. Pazia lilikuwapo. Kalenda ilikuwapo. Sakafuni zilikuwapo alama za miguu ya viti, safi, nne nne, kama nyayo za mnyama aliyekimbia.

"Mama Minza! Umewapaje watu viti vyangu kwa maneno ya mdomo?"

Hapo akanikazia macho. "Maneno ya mdomo? Mimi? Baada ya miaka arobaini ya kukaa na wewe? Walipokuja niliwaambia sitoi hata kigoda, nataka maandishi. Wakanionyesha maandishi. Nikasoma. Nikamwambia mama wa saluni asome tena kwa sauti. 'Ninaazima viti vya heshima.' Picha ipo. Jina lako lipo. Nukta zipo. Nikasema huyu ni mume wangu, mtaa mzima hakuna mwingine anayeweka nukta."

"Nilisema ninaazima kwa maana ya kuchukua!"

"Ndiyo. Wamechukua."

"Nichukue mimi!"

"Ungesema."

Nikaenda kwenye kamusi. (Ndiyo, wageni wako njiani, nami nafungua kamusi. Msinihukumu, kila mtu ana mahali anapokimbilia.) Kuazima: kutoa kitu kwa muda ili kirudishwe. Kuazima: kuchukua kitu kwa muda ili ukirudishe. Neno moja, mlango mmoja, watu wanaingia na wengine wanatoka! Nimelifundisha neno hilo nusu ya maisha yangu na halijawahi kunifanyia hivi.

"Na kile changu?" nikauliza kwa sauti ndogo. Nilikuwa na kiti changu cha mninga, chenye mgongo mrefu, nilichopewa siku ya kustaafu. Hakuna mtu mwingine anayekikalia. Hata paka anajua.

"Hicho kilikuwa cha kwanza," akasema Mama Minza. "Dada mmoja alikifuata, ana mzee nyumbani mgonjwa wa nyonga. Nikaona huyo ndiye anayestahili."

Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Wageni walikuwa wanatarajiwa saa tano.

Nikashika simu. Nakiri mbele yenu nyote kwamba niliandika hivi: "jamani rudisheni viti haraka wageni wanafika nimekosea nilitaka kuazima si kuazima"

Hakuna herufi kubwa. Hakuna nukta. Hakuna aibu.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwenyekiti wa kwaya: "Ndugu wanamtaa, tahadhari! Simu ya Mzee Mkaguzi imeibwa. Rejeeni kifungu cha tisa."

Mama wa saluni: "Kweli kabisa. Mzee yule hawezi kuandika jamani. Na kuazima si kuazima ndiyo Kiswahili gani?"

Mwingine: "Tapeli wewe, ushindwe! Unamchezea mzee wa watu siku aliyoanza kuwa mwema!"

Nikaandika: "NI MIMI."

"Matapeli wote husema ni mimi," akajibu mwenyekiti. "Kama ni wewe, taja kifungu cha saba."

Sikukikumbuka. (Kifungu cha saba nilikiandika kujaza nafasi, ili vifike kumi.) Nikatumia dakika nzima nikijaribu kubuni kitu kinachofanana nami. Dakika hiyo iliwatosha. Saa tano kasoro robo niliondolewa kwenye Kapu la Mtaa kwa kosa la kujifanya mimi.

Minza akatoka chumbani amevaa gauni jipya. Akaitazama sebule. Akanitazama.

"Baba. Umehoji mpaka viti vimekimbia?"

"Nitakueleza."

"Wanakuja sasa hivi! Watakaa wapi?"

Kabla sijajibu tukasikia guta nje.

Nilitoka na suti yangu, nikijipa moyo kwamba wageni waungwana hawaangalii viti. Mshenga wao, Bwana Jilala, alikuwa mbele kwa miguu. Nyuma yake akina mama wamebeba kuku na kapu la michembe ya viazi vitamu. Katikati yao, juu ya guta, alikuwa ameketi baba wa kijana, Mzee Masunga, mrefu, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo, anaingia mtaani kama ntemi anayerudi kwenye himaya yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mninga chenye mgongo mrefu.

Kiti changu.

"Mwangaluka!" akasema kutoka juu.

"Mwangaluka," nikaitika. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Salama tupu, alisema. Kwangu haikuwapo hata chembe.

Wanaume wawili wakamshusha pamoja na kiti, bila kumnyanyua. Bwana Jilala akaniona ninavyokikodolea macho. "Msishangae kiti, mzee wangu," akasema. "Mzee ana shida ya nyonga, hakai popote. Tumefikia kwa mpwa wake hapa mjini, akatupatia hiki kutoka kwa bwana mmoja mwema, simjui, anayegawa vitu vyake bure mtandaoni. Watu wa namna hiyo wamebaki wachache."

"Wachache sana," nikakubali.

Wakaingia. Mzee Masunga akabebwa hadi katikati ya sebule, akatulia kitini mwangu. Wale kumi wengine wakasimama kuzunguka kuta. Wakatazama kulia. Wakatazama kushoto. Mama Minza akaleta kigoda kimoja cha jikoni na ndoo iliyopinduliwa, akaviweka chini taratibu kama sadaka.

Hakuna aliyekaa. Mzee Masunga alizitazama zile alama za sakafuni.

"Jilala," akasema bila kugeuka. "Kwetu, mgeni asiyetakiwa huambiwaje?"

"Haambiwi, mzee. Hukuta kiti kimeondolewa."

"Na hapa vimeondolewa vingapi?"

Jilala akainama, akazihesabu alama za miguu ya viti. Wenzangu, alihesabu kwa kidole!

"Vyote, mzee."

Mzee Masunga akakamata fimbo yake kwa mikono miwili. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Minza amesimama hapo na sinia la soda. Chupa zilikuwa zinagongana. Nilizisikia. Sauti hiyo sitaisahau.

"Mzee mwenzangu, subiri," nikasema. "Nyumba hii ina viti. Asubuhi hii nimeviazima vyote."

Uso wake ukalainika. "Pole," akasema. "Kwa hiyo vilikuwa vya kuazima, na wenyewe wamevifuata?"

"Hapana! Ni vyangu. Nimeviazima."

"Kwa nani?"

"Kwa majirani."

"Ndiyo ninavyosema. Wamevifuata."

Nyuma yake mama mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Masikini. Na suti kavaa."

"Labda nayo ni ya kuazima," akajibu mwenzake.

"Nyamaza we, atasikia."

Nilisikia. Nikapoteza busara yote niliyobakiwa nayo, nikanyoosha kidole. "Hata kiti ulichokalia ni changu!"

Bwana Jilala akanijia karibu, sauti ya chini, kama anayemtuliza mgonjwa. "Mzee wangu, umaskini si kosa. Lakini kiti hiki ni cha bwana mwema."

"Bwana mwema ni mimi!"

Mzee Masunga akainua mkono. "Ngosha," akaniambia, yaani mwanamume, "mimi husadiki nilichokiona. Maneno ya mdomo hayanishibishi. Una ushahidi?"

Wenzangu, sentensi hiyo ni yangu. Nimeitumia wilaya nzima. Nimewaambia walimu, watendaji, padri mmoja, na wachumba wawili. Sasa naisikia ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, naye amekalia kiti changu.

Ushahidi ulikuwapo. Siku ya kustaafu kwangu, kiti kile kilikuja na kibao kidogo cha shaba kimepigiliwa mgongoni. Nilipokisoma kibao kile nyumbani, nilikibandua jioni ileile, nikakipigilia chini ya kiti, upande unaotazama sakafu. Mama Minza peke yake ndiye aliyejua. Nilikusudia nizikwe bila mtu mwingine kukiona.

Nikamtazama Minza. Alikuwa ameliweka sinia chini. Alikuwa ameanza kuvua hereni, kama mtu anayerudi kazini.

"Kigeuzeni," nikasema.

Akina mama wawili wakamwinua Mzee Masunga, wakamshikilia kwapani. Bwana Jilala akakilaza kiti, akapiga magoti, akapangusa vumbi. Akasoma polepole, kwa kidole, na kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ndoa kanisani:

"Kwa Mkaguzi wetu. Kaa sasa, baba, nasi tupumue. Ni sisi walimu wako."

(Baadhi yenu mlikuwa kwenye ile kamati ya zawadi. Mnajijua.)

Wa kwanza kucheka alikuwa binti yangu mwenyewe. Alicheka akaishika fremu ya mlango. Akafuata Jilala, palepale alipopiga magoti. Mama wa "suti kavaa" akacheka akaifunika ndoo kwa upande wa nguo yake, akaikalia. Mzee Masunga alicheka kwa namna nisiyoiona siku nyingi, bila sauti, mabega tu, machozi yanashuka, na wale waliomshikilia wakacheka hadi wakakaribia kumwangusha.

"Mrudisheni kwenye kiti cha watu!" Jilala akapiga kelele.

Mimi nilibaki nimesimama katikati, na suti.

Ndipo Hajati Mwanaidi alipoingia bila hodi. Ana duka la vitambaa mkabala na kwetu, na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Begani alikuwa na mikeka mitatu, na nyuma yake meza yangu inakuja imebebwa.

"Mwalimu," akasema, "wenzangu wamesema ni tapeli. Mimi nikasema hapana. Tapeli huandika vizuri, anataka kitu. Kule kuchanganyikiwa ni kwa mtu mzima mwenye ugeni."

"Hajati, neno lile lina maana mbili. Kamusi—"

"Achana na kamusi. Mtu husema niazimeni, au husema nawaazima. Wewe umeazima hewani tu, hukusema nani anampa nani! Kitenzi chako hakina mwenyewe." Akawageukia wageni. "Karibuni chini, jamani. Mkeka haukatai mtu. Na hitima imebaki na pilau, inakuja."

Nilifundisha viambishi vya mtendwa kwa miaka ishirini na sita. Nimesahihishwa na muuza vitambaa, mbele ya wakwe, naye alikuwa sahihi.

Wakaketi mikekani. Pilau ikaja. Baada ya kunawa, Mzee Masunga akanigeukia.

"Nikuambie ukweli, mzee mwenzangu. Tulikuja na hofu. Tulisikia baba wa binti anahoji watu mpaka wanajisahau majina. Kijana wetu amekaa siku tatu akikariri mwaka aliozaliwa bibi yake, asije akaulizwa."

Wenzangu, swali lilikuwa limenifika ulimini. Nilitaka kujua ni mwaka gani, na kama kuna cheti. Minza alikuwa ananitazama. Nikachukua finyango ya nyama, nikaitia kinywani, nikaitafuna hadi swali likapita.

Bwana Jilala akasimama, akasema walichokuja kukisema, kwa taratibu zote. Mke wangu akaulizwa, akajibu. Minza akaitwa mbele.

"Hawa watu unawafahamu?" nikamwuliza, maana hilo mila inaliruhusu.

"Nawafahamu, baba."

Sikusema "kwa ushahidi gani." Akina mama wakapiga vigelegele, Hajati kuliko wote, na kuku mmoja wa wageni akakatika kamba, akakimbilia chumbani kwangu. (Huyo ndiye fahali wa sokoni, nadhani.)

Walipoondoka, Minza alinifuata dirishani, nilipokuwa nimesimama.

"Baba, leo hukumhoji mtu hata mmoja."

"Sikupata nafasi."

"Asante kwa kukosa nafasi." Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa darasa la nne. Kisha akacheka tena, akaondoka akirudia, "Nasi tupumue, nasi tupumue."

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Kiti cha mninga kimekwenda Zagayu. Nilipojaribu kukigusia, Mzee Masunga aliomba asomewe kifungu cha tano, kisha akauliza ni nani aliyekitunga. Atakirudisha siku ya mkutano wa pili, ambao utafanyika, nami nimeweka saini. Kwaya bado inafanya mafunzo. Mama wa saluni ana wateja. Ombi langu la kurudishwa kwenye Kapu limepokelewa, na nimetakiwa kuwasilisha picha yangu, kitambulisho, na majirani wawili watakaothibitisha kwamba mimi ni mimi. Hajati amekubali. Wa pili ninamtafuta.

Basi, wenzangu, najua mnacheka. Ninachoomba ni heshima ndogo tu: atakayecheka acheke akiwa amesimama, kwa sababu na mimi ninaandika haya nikiwa nimesimama.